Adabu za Mgeni katika Kanisa Katoliki

Katika mji wa Roma liko jengo kongwe lenye kuba pana na tundu la duara kileleni, ambalo wageni wa kila kaumu huliingia mchana kutwa, nyuso zimeelekea juu na simu zimenyoshwa mikononi, kwa kuwa wamekwisha kuambiwa kwamba hilo ni hekalu la Warumi wa kale na kwamba mchoraji mashuhuri Raffaello amezikwa humo. Na ni wachache miongoni mwao watambuao kwamba tangu mwaka 609 jengo hilo liitwalo Pantheon ni kanisa la Kikatoliki, lililotabarukiwa kwa jina la Bikira Maria na Mashahidi, kwamba misa husomwa humo hata leo, na kwamba ile meza waipayo mgongo ili wapigwe picha ndiyo altare yenyewe. Sidhani kwamba watu hao wana nia ya kudharau. Makosa ya watalii makanisani aghlabu hayatokani na jeuri bali na ghafala, na orodha ya makatazo ibandikwayo mlangoni haimfai mtu kitu maadamu hakufahamishwa kwanza ile itikadi moja iliyoyazaa makatazo yote.

Itikadi yenyewe ni hii. Wakatoliki huamini kwamba mkate uliowekwa wakfu katika misa huwa Mwili wa Kristo kwa hakika wala si kwa mfano, na kwamba hubaki vivyo hivyo hata baada ya misa kwisha na waamini kutawanyika. Sehemu ya mkate huo huhifadhiwa katika kisanduku imara kifungwacho kwa ufunguo, kiitwacho tabernakulo, ili wapelekewe wagonjwa na ili watu wapate kusali mbele yake. Na sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 940, yaamuru kwamba taa maalumu iwake daima mahali hapo. Ndiyo ile taa, mara nyingi yenye kioo chekundu, ambayo mtalii huiona ikimeta pembeni akadhani ni pambo. Mkatoliki aionapo hujua kwamba Mwenye nyumba yumo, hata ikiwa viti vyote ni vitupu, na kwa sababu hiyo hupiga goti la kulia mpaka chini kabla ya kukaa. Basi hakuna saa ambayo kanisa lenye taa hiyo huwa jengo tu la kutazamwa, na wala si kweli, kama wadhanivyo wengi, kwamba utakatifu wa mahali hapo huanza padre akitokea na hukoma akiondoka.

Mgeni asiyeiamini itikadi hiyo halazimiki kupiga goti, wala kuchovya vidole katika maji ya baraka yaliyo mlangoni, wala kufanya ishara ya msalaba. Na kwa rai yangu heri asifanye, kwa kuwa kuigiza ibada ya watu ili kupata picha nzuri ni kosa kubwa kuliko kusimama kimya mikono imetulia. Linalotakiwa kwake ni dogo: asikatize baina ya anayesali na tabernakulo, na asipaze sauti. Iko siku katika mwaka ambayo hata mwenyeji huingia akahisi upweke, nayo ni Ijumaa Kuu, wakati misa haisomwi popote, altare imevuliwa vitambaa vyake, na tabernakulo iko wazi, tupu, pasipo taa, kwa kuwa Ekaristi, yaani mkate ule uliowekwa wakfu, imehamishiwa mahali pengine tangu jioni ya Alhamisi. Mtalii aliyefika Roma siku hiyo asidhani kwamba kanisa limeachwa. Ndiyo siku ambayo ukimya hutakiwa zaidi kuliko siku nyingine zote.

Mwenye kuzijua nyumba zetu za pwani hatapata taabu kuufahamu mpango wa kanisa, kwani nalo lina baraza yake, ukumbi wake na ndani yake. Barazani, yaani kwenye ngazi na ukumbi mdogo wa mlangoni, watu huamkiana, huulizana habari na hungojana; ukumbini, penye viti vya waamini, mgeni hukaribishwa akae au atembee kwa utulivu; lakini ndani, yaani patakatifu palipoinuliwa kwa daraja moja au zaidi, penye altare na mimbari ya Neno, hapaingiwi ila na mwenye kazi ya ibada, kama vile mgeni wa heshima asivyopita moja kwa moja mpaka chumbani kwa mwenye nyumba ati kwa sababu mlango haukufungwa. Altare si meza ya kawaida. Siku ya kutabarukiwa hupakwa mafuta ya krisma, chini yake huwekwa masalia ya watakatifu pale yanapopatikana, na padre huibusu aanzapo misa na amalizapo. Hata kuta za kanisa hupakwa mafuta siku hiyo, mahali 12 au mahali 4, na msomaji akichungua atakuta misalaba midogo ukutani yenye kishikio cha mshumaa, ambayo wapitao huipita bila kujua kwamba ndiyo alama za mpako huo.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwezi wa Juni 2023, mtu mmoja alipovua nguo zake zote na kupanda juu ya altare kuu ya Basilika la Mtakatifu Petro huko Vatikani. Walinzi walimwondoa, lakini mambo hayakuishia hapo, kwa sababu kanuni ya 1211 husema kwamba mahali patakatifu palipotendewa tendo ovu lenye kuwakwaza waamini hapana budi kufanyiwa ibada ya toba kabla ya sala kurejea. Na ibada hiyo ilifanywa siku chache baadaye. Huyo hakuwa mtalii aliyeghafilika, na sitaki kuwatia wageni wote katika fungu lake. Nimemtaja ili ifahamike ni kwa nini mlinzi humkemea kwa ukali yule kijana aketiye juu ya daraja za altare akanywa maji: kwake yeye hilo ni daraja tu la mawe, lakini kwa mwenyeji ni kizingiti.

Ama kuhusu mavazi, kanuni ya Vatikani hujulikana na wengi: mabega yafunikwe na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, na asiyetimiza hurudishwa mlangoni hata kama amesafiri kutoka upande wa pili wa dunia. Kwa mtu wa pwani hilo si neno geni, na mtalii atembeaye Unguja anaweza kununua khanga moja tu ikamsitiri msikitini, kanisani na mitaani. Lakini lipo jambo la kichwa, ambalo huwatatiza ndugu zetu Waislamu waingiapo kanisani kwa arusi au maziko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba wanaume wawe vichwa wazi na wanawake wajifunike. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikulirudia agizo hilo, kwa hiyo wanawake hawalazimiki tena, walakini desturi ya wanaume kuvua kofia imedumu, ikiegemea mafundisho ya Mtume Paulo katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho. Kwa hiyo mwanamke aliyejitanda mtandio au hijabu ameingia kwa vazi ambalo mabibi wa Kikatoliki wa zamani wangelisifu, ilhali bwana mwenye kofia yake ya viua, ambaye kwake kofia ndiyo taadhima, hutazamwa kwa mshangao. Nionavyo mimi, mwenyeji mwenye murua atamwelewa. Na mgeni mwenye murua, akiomba radhi au akaivua kwa dakika chache, hatapungukiwa kitu. Viatu havivuliwi, na asiyezoea kuingia na viatu mahali pa ibada asione haya.

Jambo la picha lina maelezo marefu zaidi. Katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma, mna kikanisa cha pembeni chenye michoro 3 ya Caravaggio juu ya maisha ya Mtakatifu Mathayo, na karibu yake mna kisanduku ambacho ukitia sarafu taa huwaka, ukakiona kile kidole cha Kristo kimwelekeacho mtoza ushuru mezani. Mtalii hutia sarafu yake, hutazama, hupiga picha, na pengine hawazi kwamba michoro hiyo haikufanywa kwa ajili ya jumba la sanaa bali kwa ajili ya altare iliyo mbele yake, ili padre na waamini waitafakari wakati wa misa. Hapo mtalii na mwamini wanatazama kitu kimoja, na sioni sababu ya kuwatenga; kustaajabia uzuri si dhambi, bali kumulika mwanga wa kamera usoni pa ajuza anayesali rozari ni ukosefu wa adabu katika dini zote. Kadhalika mtu anayepiga magoti kwenye kiti cha maungamo asipigwe picha kamwe, hata kwa mbali, hata kwa mgongo.

Katika Kikanisa cha Sistina huko Vatikani, picha haziruhusiwi kabisa. Katazo hilo lilitiliwa nguvu wakati wa kusafisha michoro ya Michelangelo, kazi iliyoanza mwaka 1980 na kumalizika mwaka 1994, kwa kuwa shirika la televisheni la Kijapani lililoigharimia lilipewa haki ya pekee ya kupiga picha. Haki hiyo ilikwisha zamani, lakini katazo limebaki, na walinzi huendelea kuwanyamazisha watu kila baada ya dakika chache. Wageni hunung'unika. Nami nasema wakumbuke kwamba tarehe 8 Mei 2025 makadinali walikuwa wamefungiwa humo humo wakimchagua Papa Leo XIV, na kwamba chumba hicho ni mahali pa sala kilichopambwa kwa michoro.

Misa ikianza, utalii umekwisha. Mgeni ana njia mbili tu: ama atoke, ama aketi nyuma akae mpaka mwisho, kwani hakuna kinachoudhi kama mtu azungukaye ubavuni akichungulia sanamu ilhali watu wanasali. Akibaki, asimame wasimamapo wengine, na wapigapo magoti anaweza kuketi kimya. Akipewa mkono wa amani aupokee. Kapu la sadaka likipita hadaiwi chochote. Kengele ndogo ikilia, na padre akaiinua hostia, yaani ule mkate uliowekwa wakfu, asiondoke mahali alipo kwa sababu yoyote isipokuwa dharura. Kisha huja lile linalotupa mashaka zaidi sisi tunaofundisha liturujia, nalo ni foleni ya komunyo, yaani ya kuipokea hostia hiyo. Watu wa safari huiona foleni wakajiunga nayo, wakidhani kwamba ni takrima kwa kila aliyehudhuria. Sivyo. Komunyo hupokewa na Mkatoliki aliyejiandaa, aliyefunga kula na kunywa, isipokuwa maji na dawa, kwa muda wa saa moja angalau. Na mtu akiichukua hostia akaitia mfukoni kama ukumbusho wa safari, ametenda jambo ambalo kwa waamini halina mfano wa ubaya wake. Katika baadhi ya parokia asiyekomunika huweza kujongea mikono imekunjwa kifuani akapewa baraka, lakini desturi hiyo haiko kila mahali, hivyo salama ya mgeni ni kubaki kitini.

Wenyeji nao hawana udhuru wote. Kanuni ya 1221 yataka mlango uwe wazi, bila malipo, wakati wa ibada. Hata hivyo nje ya saa hizo makanisa kadhaa ya Ulaya yenye sifa hutoza kiingilio, na Pantheon yenyewe ilianza kutoza euro 5 mwezi Julai 2023, ila kwa wanaokuja kusali. Gharama za kuezeka na kulinda ni kubwa, nakubali. Lakini mtu aliyekata tiketi huona kwamba amenunua haki ya kutazama, na ni vigumu kumwambia baadaye kwamba alikuwa mgeni wa mtu.

Kwetu, kanisa la Mtakatifu Yosefu la Unguja, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, lililojengwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, hutembelewa na watalii wengi wajao Mji Mkongwe, ambao mara nyingi hulichanganya na Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, ambalo ni la Waanglikana. Na Bagamoyo, kwenye misheni iliyoanzishwa na mapadre hao hao mwaka 1868, huonyeshwa mnara wa kanisa ambamo uliwekwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874, kabla haujavushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliomchukua kutoka bara walimfikisha Mprotestanti huyo mlangoni mwa Wakatoliki, akapokewa, akalazwa kwa heshima. Hakuna aliyemwuliza dhehebu lake.

Basi ombi langu kwa watembezao wageni Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam ni kwamba, kabla ya kutaja mwaka wa ujenzi na jina la mjenzi, waulize saa za misa kwa katekista au mlinzi wa kanisa, na wamwonyeshe mgeni ile taa na kumwambia kwa nini inawaka.