Doa la jiweni lenye umri kuliko babu yako

Siku hizi kila wikendi kuna kikundi cha vijana kinachopanda mlima. Umechanga pesa za gari, umeazima buti, umebeba maji na ndizi, na ukifika juu kazi ya kwanza ni selfi. Sawa, hakuna ubaya. Lakini siku ukiwa Mlima Kenya, pale juu miti imekwisha na kumebaki mawe na upepo, hebu inama kidogo utazame jiwe ulilokalia. Utaona madoa. Mengine ya kijivu, mengine rangi ya chungwa, na mengine ya kijani iliyoingia manjano, yenye mistari myeusi pembeni kama mipaka ya kaunti. Hayo ya mwisho ndiyo nataka tuyaongelee.

Jina lake la kisayansi ni Rhizocarpon geographicum, yaani likeni ya ramani. Ukiisogelea utaelewa. Madoa mawili yakikutana hayaingiliani, kila moja linaweka mpaka wake mweusi, wewe kaa huko nami nikae huku. Laiti wajomba zetu wangegawana mashamba hivyo!

Sasa, likeni ni nini? Si rangi, si uchafu, na wala si mmea. Ni viumbe wawili walioamua kukaa nyumba moja: kuvu na mwani. Kuvu ndiye mwenye nyumba, anashikilia jiwe na kumfunika mwenzake asiungue na jua. Mwani, ambaye ni mdogo kiasi kwamba bila darubini humwoni, ndiye anayepika kwa kutumia mwanga wa jua. Mswisi mmoja, Simon Schwendener, aliposema hivyo miaka ya 1860, wataalamu wa likeni wa wakati ule walimcheka. Leo hakuna anayecheka.

Ile rangi ya manjano inatokana na kemikali ambayo kuvu hutengeneza, nayo husaidia kukinga jua kali. Mizizi haina. Maji na chakula chake vinatoka kwa mvua, ukungu na vumbi. Kusipokuwa na maji inakauka kabisa, inazima kila kitu, halafu ikinyeshewa inawaka tena kama simu iliyopata chaji. Na huchagua pa kukaa: inapenda mwamba mgumu usio na chokaa, mahali penye baridi na hewa safi. Kwa hiyo usiitafute kwenye kuta za Fort Jesus, yale ni mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu.

Kuhusu huko kuzima na kuwaka, kuna jaribio ambalo huwa napenda kulisimulia. Mwaka wa 2005 likeni hii, pamoja na nyingine ya rangi ya chungwa, ilirushwa angani ndani ya chombo cha Urusi kiitwacho Foton-M2. Ikafunguliwa huko nje kwa takriban wiki mbili. Hakuna hewa, baridi ya ajabu, miale ya jua isiyochujwa na chochote. Iliporudi duniani ikapewa maji, na haikuchukua muda ikaanza kazi yake ya kupika chakula kama kwamba ilikuwa imetoka kulala tu. Wewe na mimi tungemaliza hata dakika chache huko?

Lakini sifa iliyoipa jina kubwa si hiyo ya angani. Ni uvivu wake. Kwa kawaida haifikishi milimita moja ya ukuaji kwa mwaka, na mara nyingi ni nusu ya hapo au chini zaidi. Piga hesabu: ikiwa kipenyo kinaongezeka nusu milimita kwa mwaka, doa la sentimita 5 limechukua miaka 100. Kwenye nchi za baridi kali kaskazini mwa dunia kuna madoa yanayokadiriwa kuwa na maelfu ya miaka.

Mmoja wa watu wa kwanza kuugeuza uvivu huo kuwa saa alikuwa Roland Beschel, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, mwaka wa 1950. Alifikiria hivi: kaburi lina tarehe. Ukipima likeni kubwa zaidi kwenye jiwe la kaburi, unajua imekua kiasi gani tangu jiwe liwekwe. Ukishapata kasi hiyo, nenda mlimani kwenye malundo ya mawe yaliyosukumwa na barafu zamani, pima likeni kubwa zaidi hapo, na utakadiria barafu iliondoka lini. Ni makadirio, si cheti cha kuzaliwa, maana kasi hubadilika kulingana na mvua, baridi na aina ya jiwe. Hata hivyo, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwepo kuandika, ni ushahidi mzuri.

Na hapa ndipo mambo yanatuhusu sisi. Mbinu hiyo imetumika pia Mlima Kenya, kwenye mawe yaliyoachwa na barafu ya Lewis. Barafu hiyo, kati ya 1934 na 2010, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Inaisha, bana. Halimashauri ya kijiji haikuweka rekodi ya barafu ilikuwa imefika wapi miaka 300 iliyopita. Mawe ndiyo yaliyoweka.

Najua swali lako lingine, kwa sababu ni sisi vijana wa Kenya na kila kitu lazima tuulize: hii kitu inalimwa? Inalipa?

Kulimwa, watu wamejaribu. Ukiingia mtandaoni utakuta wanaokushauri upake jiwe maziwa ya mgando ili lichipue madoa na lionekane la kale. Ukipata chochote, kuna uwezekano mkubwa kiwe ni kuvu wa kawaida au mwani wa kijani. Shida ya likeni ya ramani ni kwamba vile vidoa vyeusi vilivyo katikati yake hurusha spora za kuvu peke yake. Spora ikitua jiweni lazima ikutane na mwani anayefaa, la sivyo inakufa njaa. Ni kama kutumwa mjini kutafuta mwenye nyumba bila nambari ya simu. Maabara wanaweza kumkuza kuvu peke yake kwenye chakula maalum, lakini anakuwa kidonge tu kisicho na umbo la ramani. Kuwarudisha pamoja hadi wawe likeni kamili ni kazi ngumu.

Sababu moja huenda ni kwamba hatujui wote wanaokaa katika nyumba hizi. Mwaka wa 2016 Toby Spribille na wenzake walionyesha kwamba likeni nyingi zina mpangaji wa tatu, hamira, ambaye watu walikuwa wamempita kwa karibu miaka 150. Spribille alifunzwa nyumbani huko Montana, Marekani, bila vyeti vya kuonyesha, hadi chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, kikamkubali. Mimi niliyeacha chuo nilisoma hiyo mara mbili.

Kubeba jiwe lenyewe hadi nyumbani je? Kwanza, kutoa jiwe mbuga ya taifa bila kibali ni kosa. Pili, likeni haina ganda la kuchuja hewa, inafyonza kila kinacholetwa na upepo. Moshi wa matatu utaimaliza. Hata maji yanayochuruzika kutoka mabati mapya huua likeni nyingi, kwa sababu ya zinki. Kama unataka likeni nyumbani, acha jiwe gumu mahali wazi pasipo moshi, usilisugue, na usubiri miaka. Zitakuja za aina nyingine, zile za kijivu kwanza.

Ndiyo maana nakasirika nikiona picha za wasee wamekwangua majina yao juu ya mawe kule, na moyo wenye mshale. Dakika tano za msumari zinafuta kitu ambacho huenda kilianza kabla reli haijafika Nairobi. Ukitaka kuacha alama, weka rula kando ya doa moja, piga picha, andika tarehe na mahali jiwe lilipo, kisha uondoke. Rudi baada ya miaka 10 na rula ileile. Watafiti hufanya hivyohivyo, na tofauti utakayoipata itakuwa nyembamba kuliko kucha yako ya kidole kidogo.