Hesabu ya Kukweza: Kutoka Dhahabu ya Sekenke Hadi Lahajedwali

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega, akiisha kuteremka Mlima Sekenke na kuingia Shelui, huwa amepita jirani na machimbo ambayo dhahabu yake, mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamefungiwa njia ya bahari kwa sababu ya vita, ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Idadi hiyo ya 15 yastahili kutazamwa, kwani rupia moja ilikuwa sawa na mark moja ya Kijerumani na theluthi, yaani desimali isiyokuwa na mwisho, ilhali rupia 15 zilikuwa mark 20 kamili, bila ya baki.

Baki kama ile ya theluthi ndiyo asili ya jambo ninalotaka kuwaeleza ndugu zangu mlio ughaibuni, ambao aghalabu ndio mnaokabidhiwa daftari la michango ya ukoo. Tuseme jamaa 23 wameazimia kuchanga shilingi 2,400,000 za kuchimba kisima nyumbani Shelui. Fungu la kila mmoja ni shilingi 104,347 na senti 83, kiasi kisichokuwa na noti wala sarafu ya kukitimiza. Fungu hilo likiwa katika kisanduku A2 cha lahajedwali, nawe ukaandika =ROUND(A2,-3), kompyuta itafuata kanuni tuliyofundishwa shuleni, itazame tarakimu ya mamia, na kwa kuwa ni 3 tu, itashusha hadi 104,000; zidisha kwa 23 upate 2,392,000, na fundi atakudai 8,000 ambazo hakuna aliyeagizwa kuzitoa. Ukiandika =ROUNDUP(A2,-3), namba itakwezwa hadi 105,000 na ziada iwe 15,000. Lakini =CEILING(A2,500) hukweza hadi 500 iliyo karibu, nayo 500 ni sarafu tuliyo nayo tangu 2014: kila mmoja atoe 104,500, jumla ifike 2,403,500, na ziada iwe 3,500 tu. Mimi naiona hii kuwa ndiyo yenye insafu.

Ile -3 maana yake ni kuzigeuza sifuri tarakimu tatu za mwisho za namba nzima. 0 huacha namba nzima, na 2 huacha desimali mbili.

Yako mambo ambayo kukweza si hiari. Magunia 130 ya alizeti, katika gari libebalo 40, hayaendi kwa safari tatu na robo; ni safari nne, hata kama ya mwisho itakuwa na magunia 10 tu.

Ama penye mizani, lazima tuhadhari zaidi, kwa maana kinachokwezwa upande huu hushushwa upande wa pili. Mchimbaji mdogo aliyeleta gramu 3.47 za dhahabu, akaandikiwa 3.4, amedhulumiwa gramu 0.07, na dhulma hiyo ikirudiwa kila wiki huwa mali. Kadhalika deni lililoandikwa kwa alama ya kutoa: ROUNDUP ikipewa -2.3 hutoa -3, kwa kuwa hukimbia sifuri, na mdaiwa huongezewa deni pasipo kujua. Tena msidanganyike na macho, kwani kupunguza desimali zinazoonekana hakubadilishi thamani iliyohifadhiwa ndani, na ndiyo sababu jumla huonekana kupishana na safu zake.

Basi nawaombeni, hesabu zote zifanyeni kwa desimali zake kamili, mkweze mara moja tu, mwishoni, wala si katika kila hatua. Kisha chini ya orodha ya wachangaji wekeni mstari wake peke yake, ulioandikwa Ziada, wenye zile shilingi 3,500, ili mzee aliyebaki Shelui akisomewa daftari azisikie nazo.