Uso Usipotee Njiani: Sayansi ya Kuhariri Picha za Mahafali

Wiki moja kabla ya mahafali, ofisi ndogo ya timu yetu ya ubunifu chuoni haikuwa na pa kuweka hata kikombe cha chai. Meza zilijaa nyaya, kadi za kumbukumbu na majoho ya kuazima. Nilikuwa mwaka wa pili, nimekabidhiwa picha za wahitimu ambazo zingepamba mabango ya lango kuu. Picha ya mmoja wao, dada mwenye ngozi nyeusi iliyokolea, ilikuwa imetoka giza. Nikavuta mwangaza juu, nikalainisha ngozi, nikamng'arisha uso mpaka ukalingana na wa wenzake. Alipokuja kuikagua aliitazama kwa muda mrefu.

"Ni nzuri, kaka," akasema. "Ila mama ataniuliza huyu ni nani."

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu hapo, nikalikuta kwenye fizikia ya mwanga, kwenye historia ya filamu na kwenye hesabu zinazofanyika ndani ya kamera. Picha ya uso husafiri kutoka kwa mtu hadi kwenye bango, na kila kituo hukata kitu. Kazi ya mhariri wa picha ni kujua kilichokatwa na mahali kilipokatwa, ili akirudishe. Asipojua, ataweka kitu kingine mahali pake na kukiita urembo.

Kamera hukisia

Kamera inapopima mwanga wa fremu nzima haijui inamtazama mtu au ukuta. Huchukulia kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha kati, kile ambacho mafundi wengi hukiweka kwenye kiwango cha kurudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwenye mandhari yenye miti, barabara na anga kidogo, makisio hayo hukaribia ukweli. Kwenye mahafali hayakaribii.

Msimamishe mhitimu mbele ya hema jeupe saa saba mchana. Weupe umejaa fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Hema linakuwa la kijivu na uso unazama gizani. Mhamishie sasa mwenzake mwenye rangi ya maji ya kunde katikati ya wahitimu mia waliovaa majoho meusi. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga, majoho yanapauka na uso unaungua. Jua halikubadilika wala ngozi za watu hazikubadilika. Kilichobadilika ni vitu vilivyowazunguka.

Dawa yake ni nyepesi, na hupatikana kabla ya kompyuta kuwashwa: pima mwanga usoni, si kwenye fremu nzima. Au tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kuongeza hatua moja ni kuruhusu mwanga mara mbili ya ule wa awali, na mbele ya hema jeupe hatua hiyo moja mara nyingi ndiyo inayouokoa uso.

Chenga zinatoka wapi

Sisi hatukuiongeza hatua hiyo. Nilidhani kompyuta itafidia. Ili kuelewa kwa nini haikuweza, inabidi tuingie ndani ya kihisi, kile kibapa nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga.

Mwanga hufika kwa chembechembe ziitwazo fotoni, na fotoni hazianguki kwa usawa. Panga sufuria uani mvua inapoanza kunyesha: hata zikiwa za ukubwa mmoja, hazitapata idadi sawa ya matone. Kanuni ya hesabu inasema mtawanyiko huo hukaribia kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 hutofautiana na jirani yake kwa takriban 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni kitu. Pikseli ya kivulini iliyopokea fotoni 100 hutofautiana kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Hizo ndizo chenga tunazozilalamikia. Zinatokana na uchache wa mwanga, hata kamera iwe ya bei gani.

Kuna hasara ya pili. Faili ghafi la kamera yenye biti 12 lina ngazi 4,096 za mwangaza, lakini ngazi hizo hazigawanywi sawa kwa sawa. Nusu yake, 2,048, huenda kwenye hatua moja ya juu kabisa ya mwanga. Hatua inayofuata hupata 1,024, kisha 512, kisha 256. Hatua ya tano kutoka juu huambulia 128. Uso mweusi uliopigwa kwa mwanga pungufu huangukia huko chini, kwenye ngazi chache na chenga nyingi. Faili la kawaida la JPEG nalo hubakiza ngazi 256 tu kwa kila rangi.

Kwa hiyo nilipovuta mwangaza wa picha ya yule dada, nilivuta pamoja nao chenga zote zilizojificha gizani. Nikaziona, nikaita programu ilainishe. Ngozi yake ikaondoka pamoja nazo.

Ngozi nyeusi na mwanga

Mwanga ukiipiga ngozi hugawanyika mara mbili. Sehemu ndogo, asilimia chache tu, hudunda juu ya uso wa ngozi papo hapo na kubaki na rangi ya taa au jua. Sehemu kubwa huzama ndani, hukutana na melanini na damu, kisha kiasi chake hutoka nje kikiwa kimepata rangi. Kwenye ngozi nyeupe kile kinachotoka ndani ni kingi na hufunika mng'ao wa juu. Kwenye ngozi nyeusi melanini humeza sehemu kubwa ya mwanga ulioingia, na mng'ao wa juu ndio unaobaki ukieleza umbo: mfupa wa shavu, ukingo wa pua, mviringo wa paji.

Ndiyo maana taa ndogo kali humwachia mtu mweusi kitone cheupe usoni na giza pembeni, ilhali mwanga mpana humchora vizuri. Mwanga mpana si lazima ununuliwe. Dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja hutosha, au ukuta uliopakwa chokaa unaoakisi jua, au shuka jeupe linaloshikwa na rafiki wawili. Na ndiyo maana mhariri anayefuta mng'ao wote akidhani ni mafuta humwachia mtu uso bapa kama karatasi.

Jambo lingine lilinishangaza zaidi. Wahariri wa video hutumia kipimo kiitwacho vektaskopu, duara linaloonyesha aina ya rangi na ukolezo wake bila kuhesabu mwangaza. Weka humo nyuso za watu wa kila bara, zilizopigwa kwa mwanga uliosawazishwa, na utaona zote zinakusanyika karibu na mstari mmoja kati ya nyekundu na njano. Damu yetu ni moja na melanini ipo kwa wote. Tunachotofautiana zaidi ni kiasi. Basi uso mweusi ukionekana wa kijani au umepauka kama wenye vumbi la majivu, usikimbilie kuung'arisha. Tatizo mara nyingi ni mizani ya nyeupe, yaani jinsi kamera inavyokisia rangi ya mwanga, na kadi ya kijivu iliyoshikwa kidevuni kwa picha moja ya mwanzo itakuonyesha pa kuirekebisha.

Vipimo viliwekwa na watu

Haikuwa bahati mbaya kwamba ngozi nyeusi ilibaki nyuma. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imekaa sawa, na wengine wote walitoka vyovyote walivyotoka. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, anaeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ionyeshe vizuri zaidi rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, kwa sababu mbao na bidhaa zao hazikuonekana vyema kwenye matangazo. Mbao zilisikilizwa kabla ya watu.

Urithi huo ulihamia kwenye kompyuta. Joy Buolamwini, akiwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, aligundua kwamba programu ya kutambua nyuso haikuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru walichapisha majaribio ya mifumo mitatu ya kibiashara inayotambua jinsia kwa uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika hadi asilimia 34.7. Miaka minne baadaye Google ilitangaza kutumia kipimo cha ngozi chenye rangi 10, kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard, ili mashine zifundishwe na kupimwa kwa upana zaidi.

Haya yanamhusu moja kwa moja kijana aliyeketi kwenye ofisi ya timu ya ubunifu. Kitufe cha kurekebisha picha chenyewe kilifundishwa kwa nyuso fulani. Kabla hujakiamini na uso wa mwenzako, ijue asili yake.

Kovu si chenga

Filta nyingi za kulainisha ngozi ni jamaa wa wazo moja la hesabu, filta ya pande mbili, iliyopewa jina hilo na Carlo Tomasi na Roberto Manduchi mwaka 1998. Huichukua kila pikseli na kuichanganya na jirani zake, lakini huwachagua majirani wenye mwangaza unaokaribiana nayo. Kwa hiyo mpaka wa jicho au mdomo, ambako mwangaza hubadilika ghafla, hubaki mkali, na tofauti ndogo ndogo za shavuni husawazishwa.

Filta haijui ipi ni chenga na upi ni mwili. Hujua ukubwa wa tofauti tu. Kwenye uso uliopigwa gizani, vinyweleo, chale na makovu yana tofauti ndogo ya mwangaza, na filta huyasomba yote. Yule dada ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nilikuwa nimelifuta bila hata kujua kwamba lipo.

Tangu hapo timu yetu ilijiwekea kanuni: chunusi ya wiki hii inaweza kuondolewa, kwa kuwa wiki ijayo haitakuwepo. Alama ya kudumu haiguswi mpaka mwenyewe aombe.

Bango nalo hubadili uso

Hata picha nzuri huweza kuharibiwa na mahali inapowekwa. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Alizichunguza, akakuta rangi haina kasoro. Zilionekana dhaifu kwa sababu ya bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kinachoeleza kanuni hiyo: jicho huipima rangi kwa kuilinganisha na jirani yake.

Bango letu la kwanza lilikuwa na usuli mweupe kabisa, na weupe ule uliufanya kila uso mweusi uonekane mweusi kupita ulivyo na kumeza sura zake. Tulipobadili usuli kuwa bluu iliyokolea, picha ile ile ilipumua. Bluu hiyo ilibeba maandishi meupe vizuri pia. Miongozo ya kimataifa ya kurasa za mtandao hutaka uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Njano tupu juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1, na bado mabango ya njano juu ya nyeupe yamejaa mjini.

Kituo cha mwisho ni usafirishaji. JPEG, iliyoidhinishwa mwaka 1992, hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa sehemu ya mabadiliko madogo ya haraka ambayo jicho haliyajali sana. Picha inayotumwa kama picha kwenye programu za ujumbe hupunguzwa na kubanwa upya, na vinyweleo ndivyo vya kwanza kuondoka. Itume kama dokumenti. Nembo ya chuo iombwe kama mchoro wa vekta, uliohifadhiwa kama fomula za mistari na mikunjo, ili isivunjike ikikuzwa hadi ukubwa wa ukuta.

Tulimwomba yule dada arudi. Alisimama barazani saa kumi jioni, karibu na ukuta wa chokaa, mwanga ukapimwa shavuni mwake, faili likahifadhiwa ghafi. Nilikaa na picha ile dakika kumi tu, kwa sababu hapakuwa na cha kurudisha. Kisha nikamwita aketi kando ya skrini, mimi nikitazama uso wake na picha yake kwa zamu, mpaka yeye mwenyewe akasema inatosha.

Bango lilipanda langoni Ijumaa. Kovu juu ya nyusi lilionekana kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha daladala.