Masisi: Gari dogo la mazuti, bei rahisi mjini, gharama kubwa mlimani

Sake, mji mdogo ulio takriban kilomita 25 magharibi mwa Goma, ndipo mnunuzi wa gari lililotumika anapogundua alichonunua. Kufika hapo kutoka mjini si kazi kubwa. Baada ya hapo njia zinagawanyika. Moja inafuata Ziwa Kivu kwenda Minova na Bukavu. Nyingine inapanda vilima vya Masisi kupitia Mushaki, kisha Bihambwe, Katale na Lushebere, hadi Masisi-kati.

Katika mwinuko huo wa kwanza, injini iliyonguruma vizuri uani kwa muuzaji huanza kutoa siri zake. Moshi unabadilika rangi, maji yanachemka, klachi inanuka. Pesa zimekwisha kutoka mfukoni, na muuzaji yuko Goma.

Kwa mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa jibini na viazi anayetaka gari dogo la kuzungukia, hesabu huanzia kwenye bei. Gari dogo la zamani linalotumia mazuti, yaani dizeli, huonekana kuwa jibu: linanunuliwa kwa pesa kidogo na linakunywa kidogo. Lakini katika wilaya ya Masisi bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Swali kubwa zaidi ni nani atakayelitengeneza likiharibika, kwa vipuri gani, na mahali gani.

Kwa nini gari, kwa nini mazuti

Watu wengi Masisi husafiri kwa pikipiki. Motari hupita panaposhindikana kwa gari, na hubeba kila kitu, kuanzia madumu ya maziwa hadi mgonjwa. Mizigo mingine huteremka kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli ambayo Goma iliijengea sanamu katikati ya mji.

Hata hivyo, pikipiki ina mipaka yake. Mjamzito aliyeanza uchungu usiku wa mvua hawezi kukaa salama nyuma ya motari kwa saa kadhaa. Jibini huharibika ikinyeshewa. Familia ya watu watano inalazimika kukodi pikipiki mbili au tatu. Ndiyo maana mtu aliyeweka akiba kwa miaka huanza kuulizia gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, ambalo viti vyake vikilazwa hubeba magunia, na vikisimamishwa hubeba watu.

Mazuti yana sifa zake. Injini ya dizeli ina nguvu katika mzunguko wa chini, jambo linalosaidia kupanda mlima na mzigo bila kuilazimisha kupiga kelele. Pia hutumia lita chache kuliko injini ya esansi, yaani petroli, yenye ukubwa ule ule. Kutoka Goma hadi Masisi-kati ni kama kilomita 80. Gari linalotumia lita 6 kwa kilomita 100 lingehitaji chini ya lita 10 kwenda na kurudi, kama njia ingekuwa kavu na laini. Kwenye tope, gia ya kwanza na ya pili zikitawala safari, hesabu hiyo hupanda sana.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Pikipiki zinatumia esansi, kwa hiyo chupa za esansi huuzwa hata katika vijiji vidogo. Mazuti hufuata malori, vinu vya kusagia na jenereta. Anayetaka gari la dizeli anapaswa kwanza kujua yanapatikana wapi kwenye njia yake.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una neno. Maji ya Ziwa Kivu yako mita 1,460 hivi, na Masisi inapanda juu zaidi ya hapo. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lililokuwa na nguvu za kutosha bandarini Mombasa litapungukiwa likifika Mushaki.

Safari ndefu kutoka Japani

Magari mengi ya Goma yaliwahi kutumika Japani. Hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha hupita Uganda au Rwanda hadi mpakani. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa mwaka 2020, ilisema kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani. Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi kuliko eneo lolote jingine.

Japani inaendesha upande wa kushoto, Kongo upande wa kulia. Kwa hiyo dereva wa Goma mwenye usukani wa kulia hukaa kando ya barabara, na ili alipite lori lazima atoe nusu ya gari nje ndipo aone mbele. Kwenye basi dogo hatari ni kubwa zaidi, kwani mlango wa abiria uko kushoto na hufungukia katikati ya barabara. Katika njia nyembamba za Masisi usukani huo una faida moja: dereva anaona vizuri ukingo wa mtaro au wa korongo. Faida hiyo haiondoi hatari ya kulipita gari jingine kwenye kona.

Magari madogo ya dizeli kutoka Japani yamekuwa adimu. Mwaka 2003 Tokyo ilianza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yanayotoa masizi mengi, na katika miaka hiyo Wajapani waliachana na dizeli kwenye magari madogo. Yaliyobaki sokoni mengi ni ya zamani, kama Toyota Starlet ya dizeli ya lita 1.5 au Corolla yenye injini ya 2C ya lita 2.0. Hata Probox, gari linalojulikana kote Afrika Mashariki, liliwahi kuuzwa Japani na injini ya dizeli ya lita 1.4, lakini zile zinazoonekana zaidi ni za petroli.

Dizeli mbili tofauti

Hapa ndipo wengi hupotea. Neno dizeli linabeba injini za aina mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni ile ya zamani, yenye pampu ya mafuta isiyotegemea kompyuta. Inatetemeka na kutoa moshi, lakini fundi mwenye spana na uzoefu anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha.

Ya pili ni ya kisasa. Mafuta husukumwa kwa shinikizo kubwa mno hadi kwenye nozeli zenye matundu madogo sana, huku sensa na kompyuta zikiongoza kila kitu. Magari mengi ya dizeli ya Ulaya ya miaka ya karibuni yana pia kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Baada ya kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015, dizeli zilianza kupoteza soko Ulaya, na wengine huagiza magari hayo wakivutiwa na bei na usukani wa kushoto.

Tatizo ni kwamba kichujio hicho hujisafisha kwa kuunguza masizi wakati gari linakwenda kwa muda mrefu likiwa na joto la kutosha. Gari la mizunguko mifupi, kwenda soko, shule na zahanati, halipati nafasi hiyo. Kichujio huziba. Kinahitaji pia mazuti yenye salfa kidogo, na nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu.

Mazuti ya Masisi mara nyingi hutoka kwenye dumu la kadhafi, kama wanavyoitwa wauzaji wa mafuta wa kando ya barabara. Dumu hilo huenda jana lilibeba kitu kingine. Kipimo rahisi ni kutia mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe na kuyaacha yatulie. Maji huzama chini na kujitenga. Anayefanya hivyo kila mara, na kumwaga maji kwenye chujio la mafuta kila wiki, huokoa nozeli ambazo bei yake inaweza kukaribia ya gari lenyewe.

Kabla ya kutoa pesa

Gari la dizeli hukaguliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeliwasha kabla ya mnunuzi kufika huenda anaficha jambo. Likigoma kuwaka baridi, plagi za kupasha moto zinaweza kuwa zimekufa, au mbaya zaidi, injini imechoka na haina tena mgandamizo.

Moshi una lugha yake. Mweusi mfululizo huashiria hewa haitoshi au mafuta yamezidi, na pengine ni chujio la hewa tu lililojaa vumbi. Wa buluu unasema oili inaungua ndani. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unaweza kumaanisha nozeli mbovu, au gasketi ya silinda hedi iliyoruhusu maji kuingia mahali pasipo pake.

Kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikiwaka. Mvuke mwingi ukipuliza kwa nguvu, pistoni zimekwisha. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, imechanganyika na maji. Mkanda wa taimingi, kwa injini zinazoutumia, ubadilishwe mara moja kama historia yake haijulikani, kwa sababu ukikatika mlimani unaweza kuiua injini yote. Mita ya kilomita isiaminiwe peke yake, kwani hurudishwa nyuma kwa urahisi. Pedali na usukani vilivyolika husema ukweli zaidi.

Kisha chini ya gari. Barabara za Goma zilizopita juu ya mawe ya volkano, baada ya milipuko ya Nyiragongo ya 2002 na 2021, hula matairi, bushi na shokomzoba. Gari likikatwa kona kali na kutoa mlio wa kukatika-katika magurudumu ya mbele, viungo vya ekseli vimelegea. Nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi ni muhimu kuliko rangi yake. Gari la tumbo la chini litakwama kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, na jiwe moja linaweza kupasua sampu ya oili.

Mwisho, namba ya chasisi ilingane na karatasi. Gari lisilo na karatasi kamili ni rahisi leo na ni kesi kesho.

Gharama zisizo kwenye bei

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu barieri 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Barieri ni kamba, ubao au mti ulalao njiani, na anayeishika hutaka kulipwa. Gari huonekana kama mali zaidi ya pikipiki, na mwenye gari hutarajiwa kutoa zaidi.

Vita viliongeza uzito wa hesabu hiyo. Rubaya ilichukuliwa na M23 Aprili 2024, Masisi-kati na Sake Januari 2025, na Goma mwishoni mwa mwezi huo huo. Mabenki ya Goma yalifungwa, na biashara ikabaki kwa dola za mkononi na simu. Kwa mnunuzi, hiyo ina maana ya kutembea na akiba yote mfukoni, akichunga hata noti isichanike, kwa kuwa dola yenye mpasuko mdogo hukataliwa. Gari nalo linaweza kuchukuliwa kwa nguvu, au kuachwa njiani mapigano yakianza.

Kwa anayekwenda mbali zaidi, kupitia Nyabiondo hadi Walikale, gari dogo si chaguo tena. Huko ni msitu na tope ambalo malori hulala ndani yake. Kuna wakati ndege ndogo zilitua kwenye kipande cha lami cha Kilambo kubeba kasiteriti, kwa sababu kuipeleka Goma kwa barabara ilikuwa kazi ngumu mno.

Fundi kwanza, gari baadaye

Kwa hiyo mwenye akiba ndogo hufanya vyema akianza safari yake kinyume. Badala ya kwenda kwanza kwa muuzaji wa Goma, aanze kwa fundi wa Sake au wa Masisi-kati. Amuulize ni magari gani anayoyafungua kila wiki, ni vipuri gani anavipata bila kusubiri mwezi, na ni injini gani hataki hata kuigusa.

Jibu linaweza kuwa Corolla ya zamani ya mazuti. Linaweza pia kuwa gari dogo la esansi, kwa sababu tu esansi ipo kila kijiji na vipuri vipo sokoni. Likiwa lolote, pesa zote zisiishie kwenye ununuzi. Mwenye kubakiza za mkanda, matairi, chujio na betri ndiye atakayekuwa na gari mwaka wa pili.

Gari zuri uani kwa muuzaji halimsaidii mtu likiwa limelala chini ya mlima wa Mushaki. Usiku ule mjamzito anapohitaji kufika hospitali, hakuna anayeuliza lilinunuliwa kwa bei gani. Watu huuliza kama linawaka.