Foreman wa Kinshasa angefanya nini mbele ya Fury na Usyk?

UBISHI kuhusu mabingwa wa ngumi wa zamani na wa sasa hauishi vijiweni. Mmoja atasema Muhammad Ali angemchezea Tyson Fury kama mtoto. Mwingine atajibu kuwa wale wa zamani walikuwa wadogo mno, na leo wangetolewa ulingoni kwa machela. Mara nyingi maneno hayo huisha kahawa inapoisha, kwa sababu hakuna mwenye ushahidi.

Hata hivyo, yupo bondia mmoja wa uzito wa juu aliyeulizwa swali hilo kwa ngumi, naye akalijibu kwa ngumi. Ni George Foreman, Mmarekani aliyefariki dunia Machi 21, 2025 akiwa na umri wa miaka 76. Alipigana na wababe wa zama za Ali, akastaafu, akakaa miaka 10 bila kuvaa glovu, kisha akarudi kupambana na watu ambao walikuwa watoto wadogo wakati yeye ni bingwa wa dunia.

Wengi katika ukanda huu wanamkumbuka kwa usiku mmoja tu, usiku aliopigwa Kinshasa. Lakini maisha yake yote ya ulingoni ndiyo mizani nzuri zaidi iliyopo ya kumpimia bondia wa jana mbele ya bondia wa leo.

Mtu aliyetua Zaire

Foreman alipokwenda Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alikuwa na miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kati ya hizo kwa KO. Urefu wake ulikuwa kama mita 1.91, na uzito wake ulikaribia kilo 100.

Aliutwaa ubingwa Januari 22, 1973 mjini Kingston, Jamaica, baada ya kumwangusha Joe Frazier mara 6 katika raundi 2. Machi 1974, mjini Caracas, Venezuela, Ken Norton naye hakuimaliza raundi ya 2.

Frazier na Norton wote walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Kwa hesabu ya haraka, aliyewasaga hao wawili hivyo angemsaga na Ali. Hesabu hiyo ilivunjika alfajiri ya Oktoba 30, 1974, katika Uwanja wa 20 Mei, ambao sasa unaitwa Tata Raphaël. Huku umati ukiimba kwa Kilingala "Ali, boma ye", Ali aliegemea kamba, akajikinga kwa mikono na kumwacha mwenzake apige mpaka achoke. Kila walipokaribiana alimshika shingo na kumkandamiza chini. Katika raundi ya 8 Foreman alikuwa sakafuni.

Hilo ndilo somo la kwanza. Katika ngumi, Juma kumpiga Hamisi na Hamisi kumpiga Musa hakumpi Juma ushindi juu ya Musa. Anayetaka kulinganisha zama aanze kwa kutazama namna kila mmoja anavyopigana, ndipo aje kwenye orodha ya ushindi.

Mzee aliyerudi

Machi 1977 Foreman alishindwa kwa pointi na Jimmy Young, bondia mjanja mwenye miguu myepesi, mjini San Juan, Puerto Rico. Akaacha ngumi na kuwa mhubiri. Aliporudi Machi 1987 alikuwa na miaka 38 na uzito wa zaidi ya kilo 120. Watu wengi walimcheka.

Kicheko kilianza kupungua Aprili 19, 1991, alipopewa nafasi ya kugombea mkanda dhidi ya Evander Holyfield, bingwa wa miaka 28 ambaye hakuwa amepigwa na mtu. Foreman, akiwa na miaka 42, alishindwa kwa pointi, lakini alimaliza raundi zote 12 akiwa wima.

Novemba 5, 1994, mjini Las Vegas, alipanda ulingoni kukutana na Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 35, likiwemo la kumvua Holyfield ubingwa. Foreman alivaa bukta ileile aliyoivaa Kinshasa miaka 20 nyuma. Kwenye kona yake alikuwepo Angelo Dundee, ambaye mwaka 1974 alikuwa kona ya Ali.

Kwa raundi 9 Moorer alimpiga apendavyo, na kwenye kadi za majaji wote watatu mzee alikuwa nyuma. Raundi ya 10 ikaja ngumi fupi ya kulia, ikatua kidevuni, na Moorer akalala. Foreman alipiga magoti kwenye kona na kusali. Alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 45.

Hapo pia hesabu ya kijiweni inagonga mwamba. Holyfield alimpiga Foreman, Moorer akampiga Holyfield, kisha Foreman akampiga Moorer. Duara limefunga, na hakuna aliye juu ya wote.

Pambano lake la mwisho lilikuwa Novemba 1997 dhidi ya Shannon Briggs. Alikuwa na miaka 48 na alishindwa kwa uamuzi wa majaji ambao watazamaji wengi waliupinga. Briggs huyo alikuja kuwa bingwa wa WBO mwaka 2006, na mwaka 2010 alimaliza raundi 12 na Vitali Klitschko, ingawa alishindwa. Kwa maneno mengine, kati ya zama za Foreman na zama za akina Klitschko hapakuwa na ukuta.

Je, wa leo ni wakubwa mno?

Hoja kubwa ya wanaowabeza wazee ni mwili. Fury ana urefu wa mita 2.06, na alipopanda ulingoni mjini Riyadh, Mei 18, 2024, alikuwa na karibu kilo 119. Mbele yake, Foreman wa Kinshasa angeonekana mtu wa kawaida.

Lakini aliyemshinda Fury siku hiyo ni Oleksandr Usyk wa Ukraine, mwenye urefu wa mita 1.91 na kilo kama 101. Desemba ya mwaka huohuo akamshinda tena. Bondia bora wa uzito wa juu wa kizazi hiki, basi, ana umbo lilelile alilokuwa nalo Foreman mwaka 1974.

Si Usyk peke yake. Deontay Wilder alipomwangusha Fury mara 2 mwaka 2018, katika pambano lililoisha kwa sare, alikuwa na kilo kama 96. Kwa upande mwingine, Mkongo Martin Bakole aliingia ulingoni Februari 2025 akiwa na zaidi ya kilo 140, baada ya kuitwa dharura kuziba pengo, na Joseph Parker akammaliza katika raundi ya 2. Uzito unasaidia, ila haupigani wenyewe.

Nani angeanguka, nani angepona

Tuseme Foreman wa miaka 25 anafufuka leo, na anakutana na wanne hawa mmoja mmoja.

Anthony Joshua ana nguvu na ngumi nzuri, lakini akishikwa na ngumi nzito huchelewa kurudi. Andy Ruiz, aliye mfupi kwake kwa karibu sentimita 10, alimwangusha mara 4 mwaka 2019, na Daniel Dubois alimmaliza katika raundi ya 5 mwaka 2024. Yeyote aliyeona Frazier alivyoinuliwa Kingston hatasita kumpa Foreman pambano hili, tena mapema.

Wilder ni hatari kwa kila mtu, maana ngumi yake moja ya kulia inatosha. Foreman si mtu asiyeangushika. Januari 1976 Ron Lyle alimpeleka chini mara 2 katika raundi ya 4. Lakini aliinuka na kummaliza Lyle katika raundi ya 5. Wilder akisukumwa kurudi nyuma hupoteza makali, kama Fury alivyoonyesha Februari 2020 alipomsimamisha katika raundi ya 7. Na kusukuma watu nyuma ndiyo ilikuwa kazi ya Foreman. Hili pia lake, ingawa kwa roho mkononi.

Mbele ya Fury mambo yanageuka. Fury hupenda kumkumbatia mpinzani na kumlalia shingoni. Ali alifanya hivyo Kinshasa akiwa na kilo 98, na Foreman akaishiwa pumzi. Fury angefanya hivyo akiwa na kilo 20 zaidi. Foreman angeweza kumwangusha mapema, kwani hata Francis Ngannou wa Cameroon alimwangusha Oktoba 2023 katika pambano lake la kwanza la ngumi. Tatizo ni kwamba Fury huinuka. Raundi ya 9 ikifika, Foreman kijana angekuwa amechoka.

Kwa Usyk, jibu liko San Juan. Ni Jimmy Young aliyeboreshwa: hasimami mahali pamoja na hupiga akiwa njiani kuondoka. Kweli, Usyk hupigana kwa mkono wa kushoto kama Moorer, na Moorer alilala. Lakini Moorer alisimama mbele ya mzee. Usyk hangesimama.

Mawili kwa mawili, basi, kwa kijana wa Kinshasa.

Isipokuwa kuna Foreman wa pili, yule wa 1994. Huyo alikuwa mzito wa miguu, lakini alijifunza kupumua, kungoja, na kupokea raundi 9 za kipigo ili apate nafasi moja. Kijana alikuwa na nguvu asiyokuwa nayo mzee, na mzee alikuwa na subira asiyokuwa nayo kijana. Wawili hao hawakuwahi kukutana katika mwili mmoja. Laiti wangekutana, hata Fury na Usyk wangekuwa na usiku mrefu.

Kwa hiyo anayeanzisha ubishi huu kijiweni aulizwe kwanza: unamsema Foreman yupi?