Riziki ya Leo: Imani na Jasho katika Eneo la Suna

Suna ni eneo linalouzunguka mji wa Migori, kusini-magharibi mwa Kenya. Wakristo wa huko, kama wenzao kwingineko, humwomba Mungu riziki kila wanaposali Sala ya Bwana. Aghalabu ombi hilo hufasiriwa kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaodhani kwamba amtumainiaye Mungu hana haja ya kuhangaika. Wapo pia wanaoona kwamba mwenye jembe na shamba hana haja ya kuomba. Makala haya yanafafanua kuwa maneno ya sala yenyewe hayaungi mkono fasiri yoyote kati ya hizo.

Neno la kwanza ni riziki. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo humaanisha chochote ambacho Mungu humjalia kiumbe ili aishi. Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 inalitumia katika Mathayo 6:11, ilhali Wakatoliki husali wakitaja mkate. Chakula kikuu cha Suna si mkate bali ni ugali, ambao Waluo huuita kuon, wa mahindi, mtama au muhogo. Kwa hiyo, riziki humfaa mkulima kwa upana wake: ni unga, na pia ni mvua, karo na dawa.

Neno la pili ni leo. Katika Kutoka 16, Waisraeli walipewa mana ya siku kwa siku, na waliyoilimbikiza kinyume cha agizo iliharibika. Hata hivyo, mana haikuingia hemani yenyewe. Iliwabidi watoke asubuhi waiokote. Vivyo hivyo, mkulima wa Suna anayeifukia mbegu ardhini mwanzoni mwa mvua za masika, ilhali akiba ya nyumbani imepungua, hulima kwa imani. Jembe lake si dalili ya shaka. Ndiyo maana Paulo, katika 2 Wathesalonike 3:10, anamkemea asiyetaka kufanya kazi. Wahenga nao walisema kuwa riziki ya mbwa i miguuni mwake.

Lakini je, jasho lisipotosha? Mvua huweza kukatika, na kabla ya mavuno ghala huwa tupu hata kwa mwenye bidii. Hapa ndipo neno la tatu, yetu, linapopata uzito. Mwombaji haombi riziki yake peke yake, bali ya wote. Waluo wana desturi iitwayo kisuma: nyakati za njaa, mtu huenda kwa jamaa au marafiki walio na neema ili kutafuta nafaka. Jina la mji wa Kisumu huhusishwa na neno hilo. Apokeaye nafaka hiyo humshukuru Mungu, ingawa iliyomkabidhi ni mikono ya binadamu. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unalaumu kumwaga mwenye njaa kwa maneno mema bila kumpa kitu. Mwenye ghala lililojaa anayemwambia jirani amtumaini Mungu, kisha akafunga mlango, ameomba kwa wingi na kula kwa umoja.

Kwa muhtasari, kumtumainia Mungu kwa mahitaji ya kila siku ni kufanya kazi bila kiburi, kungoja bila kukata tamaa, na kumgawia mwingine kilichopatikana.