Ukurutu wa Ukoo (Sehemu ya Pili): Ukuta wa Ngozi na Jeni Isiyo Yetu

Wiki iliyopita tuliona sura ya ukurutu kwenye ngozi nyeusi: si wekundu unaochorwa katika vitabu vya Ulaya, bali rangi ya kijivu au zambarau, vipele vidogo kuzunguka vinyweleo, na ngozi inayozidi kuwa nene kwa kukunwa. Leo tuingie katika swali ambalo mama wa mtoto anayejikuna hulisikia kutoka kwa wakwe zake: ugonjwa huu umetoka kwenu?

Hapa Luano, Lubumbashi, swali hilo huja na kiangazi. Tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku inauma, mvua imeshasahaulika, na upepo mkavu unaleta vumbi jekundu hadi ndani ya vitanda. Ngozi ya kila mtu hukakamaa. Ya wengine hupasuka, na watoto wao hukesha wakijikuna huku wazazi wakilaumiana.

Anayejua matofali yetu ya udongo wa kichuguu ataelewa upesi kwa nini ngozi hupasuka. Tabaka la juu la ngozi ni ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta yaliyo kati yake ndiyo udongo wa kuyaunganisha. Protini iitwayo filagrini hukusanya nyuzi zilizo ndani ya seli na kuzibana hadi seli inakuwa bapa na imara. Kisha protini yenyewe humeng'enyuka, na vipande vyake ndivyo vinavyoshika maji ya ngozi. Jeni inayobeba maagizo ya kuitengeneza iko kwenye kromosomu ya 1. Mwaka 2006 Irwin McLean wa Dundee, Uskoti, pamoja na Alan Irvine wa Dublin na wenzao, walionyesha kwamba mwenye nakala mbovu ya jeni hiyo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ukurutu. Ulaya, karibu mtu 1 kati ya 10 anayo nakala hiyo. Ukuta ukipata nyufa, maji hutoka, nayo sabuni, vumbi na vijidudu huingia. Walinzi wa mwili hushtuka na vita huanza. Watoto wengi wa namna hii huja kupata pumu baadaye. Ndugu zetu wa Tanzania huuita ugonjwa huu pumu ya ngozi, jina ninalolipenda kwa sababu linatamka undugu huo waziwazi.

Sasa tufike kwetu Afrika. Wagonjwa wa Ethiopia walipopimwa, katika utafiti uliotolewa mwaka 2011, mabadiliko ya jeni yaliyozoeleka Ulaya hayakuonekana. Lilipatikana badiliko moja jipya tu. Mwaka 2014 utafiti wa Afrika Kusini juu ya wagonjwa wa Kixhosa ulieleza jambo la kushangaza zaidi: vipande vya filagrini katika ngozi yao vilikuwa vimepungua, lakini jeni yenyewe haikuwa na kasoro hizo. Ukuta una nyufa, ila aliyeuvunja si yule tuliyeonyeshwa.

Je, basi urithi haupo? Upo. Mapacha wanathibitisha. Kyungu na Kabange, kama tunavyowaita mapacha wetu, wakiwa wa yai moja, mmoja akipata ukurutu, mwenzake naye huupata mara nyingi kuliko mapacha wa mayai mawili, ingawa wote wamelala kitanda kimoja na kuoga beseni moja. Hadi mwaka 2015 sehemu zaidi ya 30 za jeni zilikuwa zimehusishwa na ugonjwa huu, nyingi zikiwa za kinga ya mwili, lakini waliopimwa wengi walikuwa na asili ya Ulaya. Nasema wazi kwamba hili ni kosa. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, lakini imechunguzwa kidogo mno.

Wakwe wapewe jibu hili: mtoto huchukua nusu ya jeni kwa baba na nusu kwa mama, na ukurutu hutokana na jeni nyingi zinazokutana na baridi, vumbi na sabuni kali. Hakuna ukoo wa kulaumiwa, wala mtoto haambukizi wenzake.

Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni ya kufulia, na umpake mafuta mazito ya vazelini kabla ngozi haijakauka kabisa. Usimpake krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni. Nyingi zina dawa kali kama klobetasoli: muwasho hupoa siku chache, kisha ngozi huwa nyembamba na ugonjwa hurudi kwa nguvu. Dawa ya aina hiyo ipangwe na daktari.

Jeni zetu zinaweza kuchunguzwa na watu wetu wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Leuven, walitoa mwaka 2009 vipimo vya kobalti katika mkojo wa wakazi wa Katanga, na dunia ikawasikiliza. Walioomba mkojo wanaweza kwenda tena kuomba mate ya familia zenye ukurutu, ili jeni zao zipimwe. Nawaomba waanze, na waanzie hapa Luano.